Kikombe Kimoja kwenye Uwanja wa Barafu

Mwaka ule wa mafua ya nguruwe nilikuwa nalala chumba cha chini nyumbani kwa dada yangu, Springfield, huko ughaibuni. Kabla ya hapo nilikaa Shaw, na kabla ya Shaw nilikaa Temple Hills, na kila nilipohama nilisema ni kwa sababu ya kazi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, hakuniuliza. Alinipa ufunguo, shuka mbili, na binti yake wa kumpeleka mazoezini.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, golikipa wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya barafu. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu kwa Kiingereza, isipokuwa neno "mjomba", ambalo alilitamka vizuri kuliko mimi. Timu haikuwa na golikipa mwingine. Jumamosi walikuwa na mechi ambayo wakishinda wanaingia fainali, na wiki nzima alilala na gongo lake pembeni ya kitanda.

Kocha, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ametutangazia masharti. Kila mtoto na chupa yake ya maji, yenye utepe wa rangi yake. Mwenye homa abaki nyumbani. Mechi ikiisha hakuna kupeana mikono, watagusanisha magongo tu. Mlangoni paliwekwa dawa ya kusafishia mikono, nami niliipaka kila nilipopita, mpaka ngozi ikapauka.

"Usije ukaniletea mafua hapa," dada aliniambia. "Nina wagonjwa."

"Mimi? Mimi nanukia spiriti kuliko hospitali yako."

Alhamisi ile ndani ya uwanja kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na baridi hiyo ndiyo iliyonipotosha. Ilikuwa baridi ya kwetu Njombe, mwezi wa saba asubuhi, majani yakiwa yamepauka kwa umande ulioganda. Nilikuwa nimebeba chupa ya chai ya tangawizi. Wakati wa mapumziko mpwa wangu akaja pembeni na wenzake wanne, mashavu mekundu, pumzi zikifuka.

"Hicho nini?" mmoja akauliza.

Nikamimina kwenye kifuniko cha chupa. Kwetu humpi mtu kikombe kabla hujaonja mwenyewe. Iwe chai, iwe ulanzi, pombe yetu ya mianzi, anayetoa hunywa kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu. Bibi aliwahi kunizaba kofi mbele ya wageni kwa kulisahau hilo. Basi nikapiga funda moja, nikampa wa kwanza. Akanywa, akampa mwenzake. Nikajaza tena. Mmoja alipaliwa kwa ukali wa tangawizi, wote wakacheka, nami nikacheka nao. Sikumbuki furaha nyingine ya namna ile katika miaka yangu ya huko.

Wa mwisho alikuwa mpwa wangu. Alikishika kifuniko, akaniangalia, kisha akamtazama kocha aliyekuwa upande wa pili akipanga vifaa. Wenzake walikuwa wakimsubiri. Akanywa.

Kocha alifika kifuniko kikiwa bado mdomoni mwa mpwa wangu.

"Nani wamekunywa?"

Mikono mitano ikanyooka ndani ya glavu kubwa.

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye niliyeanza," nikasema, tena kwa fahari kidogo. "Nilionja kwanza wajue ni salama."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema wasichana hao watano watakaa nyumbani wiki nzima, na Jumamosi hawatacheza. Kisha akanionyesha viti vya juu. "Wazazi wao wale pale. Nenda ukawaeleze mwenyewe."

Nilikwenda. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kuombea kazi, hakikutosha kumweleza mtu habari za bibi na ulanzi. Baba mmoja aliuliza nimewapa watoto nini.

"Tangawizi," nikajibu.

"Sikuulizi viungo, nauliza kama unaumwa."

Mama mmoja alitoa karatasi laini mkobani, akaanza kumfuta binti yake midomo, pale pale mbele yangu, akirudia na kurudia. Maneno yao mengi nimeyasahau, karatasi ile sijaisahau.

Ndani ya gari mpwa wangu alitazama dirishani. Nikamuuliza swali ambalo sikustahili kuliuliza: "Wewe ulijua. Kwa nini hukukataa?"

Alijibu kwa Kiingereza, bila kugeuka. Alisema angekataa yeye, wenzake wote wangejua kwamba mjomba wake amefanya kosa.

Dada aliposikia, alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazi. "Bibi alikufunza vizuri, mdogo wangu," akasema. "Ila bibi alikuwa akiogopa sumu." Kisha akaenda kumpima mtoto joto. Hakuwa na homa, wala hakuna yeyote kati yao aliyekuja kuugua, lakini hilo siku ile hatukulijua.

Jumamosi, saa ya mechi, nilikuwa nimeshafunga begi. Kulikuwa na jamaa Temple Hills mwenye kochi la kulalia. Nilipitia banda la gari ili nisipite sebuleni, nikamkuta mpwa wangu huko. Alikuwa amevaa kila kitu, ngao za miguuni, kofia yenye wavu usoni, amesimama mbele ya mlango uliofungwa kana kwamba ndilo goli. Alitazama begi langu. Kisha akausukuma kwa gongo mpira wa tenisi mpaka miguuni pangu, akanionyesha mstari aliouchora kwa chaki, mbali naye. Chupa yake ya maji ilikuwa upande wake, yenye utepe wa njano.

Nikaweka begi chini, nikarusha. Akaudaka. Nikarusha tena.

Mlango wa ndani ukafunguka, dada akasimama na simu mkononi. "Wamefungwa saba," akasema taratibu.

Mpwa wangu akajiweka sawa golini. Nikaokota mpira nikaurusha polepole, kama unavyomrushia mtoto mdogo. Akauacha upite.

"Kwa nguvu, mjomba," akasema, kwa Kiswahili. "Usinionee huruma."