Risasi Nne

Juzi mtoto aliingia dukani kwangu hapa Runazi. "Shikamoo. Naomba risasi nne za mshipi." Duka hili nimelijenga mwenyewe, na shule niliishia darasa la nne. Nani mwingine hapa anauza nyavu mpaka ndoana za sangara? Lakini risasi hizo sikumpa mara moja.

Utotoni, kwetu Ngara, Baba Eriya alinifundisha kurusha mshipi mtoni. Alikuwa mkimbizi wa kambi ya Lukole, zamani mvuvi wa Ziwa Tanganyika, ananuka moshi wa kuni mbichi. Mchana mmoja alifunga kipande cha uzi mnene mbele ya ule mwembamba.

"Mwembamba peke yake utakatika ukirusha kwa nguvu. Risasi itaruka imtoboe mtu jicho. Na utazame nyuma kwanza, mwanangu."

"Unazo ngapi?"

"Nne!" Akapigapiga mfuko, zikalia.

Mimi risasi nilijua ya bunduki tu. Jioni nikajigamba kwa mgambo waliokuwa wakinywa togwa kwetu: "Rafiki yangu mkimbizi ana risasi nne. Zinatoboa watu!"

Maharage yalikuwa hayajaiva walipompitisha mbele ya nyumba, mikono imefungwa.

"Waambie, mwanangu. Ni za samaki."

Nilinyamaza. Samaki anapigwaje risasi?

Hakurudi. Nimeuliza kila mahali, sikupata hata kaburi.

Yule mtoto nilimfungia uzi mnene mbele, bure. Nikamwambia, "Ukiulizwa una nini mfukoni, sema chubwi, usiseme risasi."

Akacheka. Hapa kwetu hakuna anayelijua neno hilo. Hata mimi nilijifunza ukubwani.