Kopo la Chai la Mama Mkwe

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza kusimulia sitaki kukatizwa, na atakayenikatiza nitamjibu vibaya, nimeshasema. Aibu ninayo tayari, sihitaji kuongezewa. Mimi, niliyekulia Tosamaganga, Iringa, jirani na masista, nikafundishwa kupiga magoti mbele ya wakubwa na kutogusa cha mtu, nilikunywa chai ya mama mkwe wangu mpaka nikaona sakafu ya kopo. Na hiyo wala siyo sehemu mbaya. Sehemu mbaya ni nilichokuja kukiweka humo ndani.

Nimeolewa na Mnyakyusa. Tunaishi Soweto, hapahapa Mbeya, mimi, mume wangu (anafuata vitunguu Ruaha Mbuyuni, kwa hiyo nyumbani ni kama mgeni tunayemjua jina) na binti yetu Atupele, Atu, ana miaka mitatu na mikono isiyojua kutulia. Mama mkwe yuko Tukuyu, ana shamba la chai. Shikeni hilo. Mtu analima chai, amezeeka na chai, halafu akija kwangu mimi namwekea mezani chai ya vifuko.

Kwa nini? Ushamba tu, wa kujifanya siyo mshamba. Kifuko cha chai nilikiona kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, uzi umening'inia nje ya kikombe na kikaratasi chake mwishoni, nikajiambia siku nikiwa na nyumba yangu, wageni wangu watakunywa chai yenye uzi. Majani ya kuchemsha kwenye sufuria niliyaona ni ya mama lishe. Basi mama mkwe mara ya kwanza alikinyanyua kile kifuko kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akakiangalia, akaniuliza, "Mama Atu, hili vumbi wamelifunga ili lisitoroke?"

Nilikasirika! Lakini mkwe hajibiwi. Nikasema, "Ndiyo mama."

Na hiyo "ndiyo mama" ndiyo iliyonimaliza, maana nilishaizoea, inatoka yenyewe hata sijasikia nimeambiwa nini. Akaja tena mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayouma masikio, kabeba kopo kubwa la maziwa ya unga amelifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Akaanza kunieleza. Mimi niko magotini, Atu kamwaga uji kwenye mkeka, jikoni maharage yananukia kuungua, na moyoni bado nina lile vumbi lake. Nikaamua (ndiyo, niliamua, sitasema nilipitiwa) kwamba leo huyu mama aongee tu, mimi simsikilizi. Nikasikia "chai", nikasikia "mvua", nikasikia "wewe ndiye ninayekuamini", nikajibu ndiyo mama, ndiyo mama, ndaga mama, hiyo ndiyo asante ya Kinyakyusa, nikalipokea kopo kwa mikono miwili. Nilijua ameniletea chai ya shamba ili kunisuta. Alipoondoka nikalipandisha juu ya kabati, nikalisahau.

Sasa asubuhi moja vifuko vimeisha, duka la jirani halijafunguliwa, na mimi bila chai ni mtu wa kuogopwa, muulizeni Baba Atu. Nikalishusha kopo. Kufungua, nikakuta majani meusi marefu, yamejisokota kama nywele zilizokosa kitana, nikasema hizi takataka gani, chai gani haijasagwa? Nikatupia kidogo kwenye birika, nikamwagia maji ya moto, nikafunika. Kabla sijafanya lingine Atu akaanguka huko nje akalia, nikatoka, nikamfuta makamasi, nikagombana kidogo na mwenye mbuzi aliyemsukuma, nikarudi.

Jamani. Nilivyofunua lile birika nilisimama. Harufu ilikuwa kama mahindi mabichi yanapochomwa, halafu nyuma yake kuna kitu kama asali, sijui nisemeje. Rangi nyekundu inayong'aa, unaona mpaka chini ya kikombe. Nikaonja bila sukari ili tu nipate cha kulalamikia, nikakosa. Ule ukakasi wa vifuko unaokausha ulimi haukuwepo, ilishuka taratibu ikaacha utamu kooni, utamu ambao hakuna mtu aliyeuweka. Nikaongeza maji juu ya majani yaleyale (kifuko ukikiongezea maji kinakupa maji), kikombe cha pili kikatoka kitamu kuliko cha kwanza. Nilikaa kwenye kigoda na hasira zangu zote nikazitafuta sikuziona. Nilipochungulia ndani ya birika, majani yalikuwa yamefunguka, majani mazima kabisa, na vikonyo vyake, kama yamechumwa asubuhi ile.

Basi ikawa kila siku. Nikamwita jirani yangu Mama Shamsa, muuza vitumbua, watu wa asili ya Tanga hao, chai bila iliki kwao siyo chai. Alionja akasema, "Shoga, hii ukiitia iliki umeitukana." Akawa anakuja na vitumbua, mimi natoa chai, tunakunywa, tunawasema watu. Ningesema nilikuwa naonja tu, lakini nimeahidi kusema kweli: nilikunywa kwa uchu. Kopo likaisha. Nililipigapiga chini, nikalifuta kwa kidole.

Haikupita wiki, simu.

"Mama Atu, lile kopo liko salama?"

"Ndiyo mama."

"Jumamosi nakuja lifunguliwe. Mama Kalinga wa Iringa, yule mwenye nyumba ya wageni niliyekwambia, amekubali kuja kuionja. Akiipenda atachukua ya kikundi chetu chote, tutaacha kuuza majani mabichi. Si umelitunza pakavu kama nilivyokueleza? Huku Tukuyu mvua ingeliharibu, na jikoni kwangu moshi."

Ndipo nilipoelewa. Haikuwa zawadi. Ilikuwa chai ya kwanza waliyoifikicha kwa mikono yao, akina mama wa kikundi, ile bora kuliko zote, na walikuwa hawana nyingine mpaka majani yachipue tena. Akaniwekea mimi, siyo mabinti zake, mimi, kwa kuwa mteja ni Mhehe mwenzangu. "Atafurahi kukuta mtoto wa kwao," akasema. "Wewe ndiye utakayetupokelea mgeni."

Nikasema, "Ndiyo mama."

Mtu mwenye akili angesema papo hapo. Mimi nilimkimbilia Mama Shamsa, na Mama Shamsa naye, Mungu amsamehe, akaniambia, "Majani ni majani tu. Kata vifuko umwagie humo, likijaa nani atajua?" Tukakaa uani na mkasi, maboksi ya vifuko mbele yetu, tunakata, tunamwaga, na nilipoliona lile vumbi linavyoanguka ndani ya kopo nikakumbuka "wamelifunga ili lisitoroke", nikaona kweli limetoroka na mimi ndiye niliyelifungulia. Vifuko vitupu na nyuzi zake nikavitupa kwenye ndoo ya taka, nikafunga kopo, nikalifunga na kitenge chake. Nikasali pia. Nilisalia uongo.

Jumamosi wakaja. Mama mkwe kavaa kitenge kipya, nyuma yake akina mama wawili wa kikundi, wamependeza utadhani wanakwenda kipaimara. Mama Kalinga mnene, mpole, wa kuangalia sana. "Kamwene," akanisalimia Kihehe, nikaitika nimeinama, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. "Kumbe! Mama yako namfahamu, tunasali naye." Nilitamani ardhi. Mama Shamsa naye kajileta na sahani ya vitumbua, kisingizio, alikuja kuona.

Mama mkwe akaomba bilauri za kioo. "Nataka mgeni aone," akasema, "maana chai yetu hainywewi tu, inatazamwa kwanza. Jani linafunguka mbele ya macho." Macho yake mwenyewe siku hizi hayaoni vizuri vitu vya karibu, na alikuwa anaongea huku anachota, basi akachota kijiko, akatia, akamimina maji, akafunika na kisahani. Wote tukainama kuitazama ile bilauri.

Maji yakawa meusi. Vumbi likazunguka, likatua chini kama majivu.

"Subirini," mama mkwe akasema. "Jani jipya lina aibu."

Tukasubiri. Wale akina mama wawili wakaangaliana. Mama mkwe akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Subirini kidogo, linafunguka." Enyi watu, mimi nimezaa kwa uchungu wa siku nzima, lakini sijawahi kuumia kama nilivyomsikia yule mama analibembeleza vumbi langu lifunguke.

Mama Kalinga akaonja, kwa heshima tu. Akaweka chini. "Mama, mbona hii ni ile ya dukani?"

"Ya dukani?" Mama mkwe akatumbukiza vidole kwenye kopo, akafikicha, akanusa. Sura ikambadilika. "Hii siyo yetu."

"Kopo siyo lako?"

"Kopo langu."

"Sasa mama, nimetoka Iringa mpaka hapa..."

Mmoja wa wale wa kikundi akanigeukia. "Mama Atu, kopo limekaa kwako."

Na mimi, badala ya kusema, nikafungua mdomo ukatoka upuuzi. "Labda imesagika yenyewe."

"Yenyewe? Juu ya kabati?"

"Au panya."

"Panya gani wanaosaga chai?" yule mama akaniuliza. Mama Shamsa alikuwa amejiziba mdomo na kanga, mabega yanacheza. Nilimchukia siku ile kuliko mtu yeyote duniani.

Ndipo Atu akaingia. Kaingia anatembea kwa madaha, shingoni kavaa nyuzi za vifuko vya chai, tele, zimesokotana moja kwa nyingine, vikaratasi vinacheza kifuani, na masikioni kaning'iniza viwili. Vifuko vyenyewe vitupu, vimekatwa, vinapepea. Akaenda moja kwa moja kwa bibi yake. "Bibi, ona shanga! Mama kakata na mkasi na mama Shamsa!"

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Shamsa kanga ilimwanguka.

Mama mkwe akamvua mjukuu wake zile nyuzi, moja moja, bila haraka, akaziweka mezani kando ya bilauri. Hakunigombeza. Ningefurahi angenizaba kofi. Aliniuliza tu, "Mama Atu, ilikuwa tamu?"

Nikapiga magoti palepale kwenye saruji. "Ilikuwa tamu, mama."

"Uliweka sukari?"

"Sikuweka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata angalau hicho. Lakini Mama Kalinga alishasimama, anajifunga kitenge vizuri. "Chai nisiyoionja siwezi kuinunua," akasema. "Nami mjue sina hasira. Ila nilikuja kuonja chai, nimeonja vitu vingine." Akina mama wa kikundi wakamsindikiza hadi barabarani na vitenge vyao vipya, wakarudi, na hawakugusa hata kitumbua.

Mume wangu alipopata habari alinipigia kutoka Ruaha Mbuyuni, akasema neno moja, "Umenitia aibu," akakata. Mama mkwe ndiye aliyetoa hukumu: majani yakichipua niende Tukuyu, na mtoto mgongoni. Nilikwenda. Nimechuma kwenye mvua, majani mawili na kichipukizi, nimeyatandaza yanyauke, nimeyafikicha mpaka viganja vikawa vyeusi kama vya fundi baiskeli, na wakati wote huo wale akina mama wanaimba, na kwenye wimbo kuna panya. Kinyakyusa sikijui chote, lakini panya nilimsikia. Zamu ya kuonja ikifika, bakuli linanipita. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho, linazunguka watu wote, likifika kwangu linaruka.

Halafu nikatumwa nilipeleke kopo Iringa mwenyewe, mfuniko umezungushiwa plasta, na akina mama wote wametia sahihi juu yake. Mama Kalinga alinipokea sebuleni kwake, na pembeni yake alikuwa amekaa nani? Mama yangu mzazi. Ameitwa. Hakunisalimia.

Mama Kalinga akaikagua plasta mzunguko mzima. "Umeionja hii?"

"Sijaionja, mama. Hata jani moja."

Akatia kwenye bilauri, akamimina. Tukainama. Jani la kwanza likajinyoosha pole pole, likafuata la pili, mpaka bilauri ikajaa ule wekundu unaong'aa na ile harufu ikapanda, na mimi machozi yakanitoka mbele ya mama yangu, na sijui kama nililia kwa toba au kwa kiu. Mama Kalinga akanywa, akajiongezea, akammiminia mama yangu. Mimi akaniletea maji.

"Mwambie mkweo nimekubali," akasema mwishowe. "Aanze kuleta. Ila mzigo asikupe wewe."

Kwa hiyo kikundi kinauza, namshukuru Mungu, na nimeapa: sitajibu tena "ndiyo" kwa neno ambalo sijalisikia, hata likisemwa na Askofu. Vifuko navyo siviweki tena nyumbani kwangu, nikiona uzi umening'inia kikombeni nasikia kichefuchefu. Tatizo ni mama mkwe. Kila akija kunitembelea sasa anafungua mkoba, ananipa kwa mikono miwili boksi jipya la chai ya vifuko. "Nimekuletea ile unayoipenda, Mama Atu." Halafu anakaa, anafungua kijikopo chake kidogo, anajimiminia ya kwake, na harufu inajaa nyumba nzima.

Nami napiga magoti, nasema ndaga mama, nachovya kifuko changu.