Kadi ya Watu Wawili

Nilipojiunga na chuo cha biashara kule Kaaga, karibu na mji wa Meru, nilikuwa na hamu moja ambayo sikuwa nimemwambia mtu: nilitaka kujifunza kuogelea. Nyumbani kwetu Karurumo, kule Embu, mto haukuwa mbali, lakini kwa sisi wasichana mto ulikuwa wa kuteka maji na kufulia. Kaka zangu walivua mashati wakaruka majini huku ng'ombe wakinywa. Mimi nilijaza jerikeni, nikapanda kilima. Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, na msichana kuvua nguo mbele ya watu, hata kwa sababu ya maji, lilikuwa jambo lisilozungumzwa.

Basi wiki za kwanza tu chuoni tangazo likabandikwa ubaoni. Hoteli moja ya pale mjini Meru, yenye bwawa, ilikuwa inawauzia wanafunzi kadi za mwaka mzima. Kulikuwa na kadi ya asubuhi za siku za kazi, ambayo haikunifaa kwa kuwa saa hizo tulikuwa darasani. Kulikuwa na ya mtu mmoja, siku yoyote. Halafu kulikuwa na ya watu wawili, iliyokuwa na nafuu kubwa, ila wawili hao lazima waingie pamoja na watoke pamoja. Nilisimama pale ubaoni nikaamua: ya mtu mmoja, hata kama ningelazimika kujinyima kidogo.

Msichana tuliyelala naye chumba kimoja bwenini, kitanda chake juu na changu chini, alinikuta hapo. Alitoka Mikinduri, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa miraa, na alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kuamua mambo haraka.

"Ya mtu mmoja ya nini?" akaniuliza. "Utaogelea peke yako kama chura? Tuchukue ya wawili."

"Na siku nikitaka kwenda, na wewe hutaki?"

"Nitataka. Mimi ndiye nitakuwa nakuamsha."

Nilisitasita siku mbili tatu. Lakini shule yake ya sekondari ilikuwa na bwawa, alijua kuogelea, na aliahidi kunifundisha. Pia, nikisema kweli, ilikuwa vigumu kumkatalia mtu ambaye unalala chini ya godoro lake. Tulienda studio tukapigwa picha moja, yeye ameweka mkono begani mwangu, ikabandikwa kwenye kadi. Mama aliyekuwa karani pale hotelini alituuliza mara mbili kama tumeelewa. "Mmoja akikosa, mwingine haingii. Na sibadilishi picha mpaka mwaka uishe." Tukasema tumeelewa.

Jumamosi za mwanzo zilikuwa nzuri. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno, kama yametoka mlimani asubuhi hiyo hiyo, na mimi nilivaa nguo ya kuogelea ya mtumba iliyonipwaya. Alinishika tumboni kwa mkono mmoja akaniambia nilegeze shingo. Nilikunywa maji, nikakohoa, nikarudia. Siku nilipoelea kwa mara ya kwanza nilitazama mawingu nikiwa sishikwi na mtu, na niliporudi bwenini sikutaka hata kula.

Lakini taratibu nilianza kuona nilichokitia sahihi. Yeye akisikia baridi, tunatoka wote, hata kama mimi ndio kwanza nimezoea. Yeye akiamka hana hamu, hakuna bwawa wiki hiyo. Ijumaa jioni nilikuwa namchunguza uso, kama amenuna au la. Nilimwoshea sahani. Nilinyamaza alipowasha redio wakati nasoma. Nilicheka vichekesho ambavyo nilikuwa nimevisikia. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, dirisha moja linalotazama ukuta, na nikilala niliona mbonyeo wa mwili wake juu yangu kupitia nyaya za kitanda. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikidhani sasa nitafanya mambo yangu, na hapa hata kulowa maji nilihitaji ruhusa ya mtu.

Nilirudi kwa yule karani nikamwomba anipe ya peke yangu. "Mwaka ukiisha, mama," akaniambia, akaendelea na kazi yake.

Kisha mwenzangu akaanza kutoweka. Ijumaa baada ya masomo alikuwa anafunga mkoba na kuondoka kwenda kwao, bila maelezo, na Jumapili jioni anarudi amechoka, hataki kuongea. Mara nyingine aliahidi kwamba Jumamosi atashuka kutoka Mikinduri tukutane hotelini. Nilikwenda nikakaa kwenye jiwe nje ya lango na taulo langu mapajani.

"Leo umekuja nusu?" askari wa lango aliniuliza.

"Mwenzangu anakuja."

"Basi ngoja."

Nilingoja. Kupitia ua wa miiba ya kayaba nilisikia watoto wa wageni wakiruka majini. Nilijua kila sauti: mtu aliyeingia kwa miguu, aliyeingia kwa tumbo. Wakati mwingine alifika, akihema, tukaingia. Wakati mwingi hakufika, na nilirudi bwenini na taulo kavu.

Muhula wa pili hakurudi kabisa. Godoro lake lilikunjwa, na mwalimu akasema ni mambo ya nyumbani. Miaka ile hatukuwa na simu za mkononi, kwa hiyo sikuwa na njia ya kumuuliza. Nilikasirika kwa namna ambayo sikuwahi kukasirika nyumbani. Nikafikiri, kama haji, basi aje mara moja tu hotelini amwambie karani kwamba amejitoa, niachiliwe. Jumamosi moja nilichukua kadi nikaenda Mikinduri kumtafuta.

Duka lao halikuwa gumu kupata. Niliuliza sokoni nikaonyeshwa. Alikuwa ameketi nyuma ya duka pamoja na wanawake wengine, wakifunga miraa kwa majani ya migomba. Aliponiona alishtuka, akafuta mikono kwenye leso, lakini hakusimama. Baba yake ndiye aliyekuja, mzee mrefu mwenye koti zito. Alinisalimu kwa Kimeru, nikajibu kwa Kiembu, kisha tukakubaliana na Kiswahili.

"Wewe ndiwe wa kadi?" akaniuliza.

Sikuelewa amenijuaje.

"Habari yako nimeisikia sana," akasema. "Kila nikimwambia Jumamosi abaki hapa anisaidie, ananiambia kuna msichana wa Embu anamngoja langoni. Ananiambia, huyo hawezi kuingia bila mimi, baba, siwezi kumwacha nje. Basi siku nyingine nikawa namwachilia. Mimi pia sipendi mtoto wa mtu akae nje kwa ajili yetu."

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameinama, anafunga fundo ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Mzee alinipeleka ndani. Mama mtu alikuwa amelala kitandani, amevunjika nyonga baada ya kuteleza shambani, na binti yao ndiye mtoto mkubwa. Nililetewa chai na ndizi mbivu. Nilipomaliza nilijikaza nikasema, "Mzee, naomba umruhusu angalau Jumamosi moja moja. Na chuo pia. Wenzake wanaendelea."

Hakukasirika. "Mwari," akaniambia, kama mtu anayemwita binti yake, "akienda, nani atamgeuza mama yake?"

Mama yake alikuwa ananitazama kutoka kitandani, na niliona aibu kwamba nimekuja na kadi ya bwawa mfukoni.

Rafiki yangu alinisindikiza mpaka barabarani.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekubali?"

"Sijui."

"Ningekuwa na kadi ya peke yangu, baba angesema kadi inaweza kungoja. Lakini mtu akingoja, baba anasikia vibaya." Alikuwa anachana jani la mgomba vipande vyembamba. "Nilijua tangu kabla hatujaripoti kwamba watakuwa wananiita. Hata kabla mama hajaanguka, walikuwa wananiita."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekaa kwenye lile jiwe. Sikumwambia. Gari likaja nikapanda, na hasira yangu nikarudi nayo Kaaga bila kujua sasa niiweke wapi.

Ilikuwa mwezi wa baridi, ukungu haujainuka, nilipomwona tena. Nilikuwa nimekwenda hotelini kwa mazoea tu. Alikuja akitembea haraka, bado amevaa nguo za dukani, vidole vimeshika rangi ya kahawia kwa utomvu wa majani. Shangazi yake alikuwa amekuja kukaa na mama.

"Nina mpaka saa nane," akasema.

Hapakuwa na mtu mwingine bwawani kwa ile baridi. Hakunifundisha chochote siku hiyo. Aliogelea kutoka ukuta hadi ukuta bila kupumzika, na mimi nikabaki upande wa kina kifupi nikijaribu peke yangu. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilimwambia atoke, akakataa. Nami nilikuwa nimeganda, lakini alipokataa, mimi pia sikutaka tena tutoke mapema. Tulipokuwa tunavaa meno yetu yaligongana mpaka hatukuweza kuongea.

Alikuja tena, si mara nyingi, kila shangazi alipopata nafasi. Hakuweza kunijulisha ni lini. Kwa hiyo nililazimika kwenda kila Jumamosi, kukaa nje ya lango, nikijua huenda asije. Wanafunzi wengine walikwenda sinema, walikwenda kutembea, mmoja wao alinialika mara kadhaa mpaka akaacha. Hakuna aliyenilazimisha kukaa pale. Lakini nikijaribu kubaki bwenini nilimwona anafika, anasimama langoni na ule muda wake mfupi, na mimi sipo. Nilikuwa nainuka nachukua taulo.

Mwaka ukaisha na kadi ikaisha. Hakurudi chuoni. Mama yake alipona akawa anatembea kwa mkongojo, lakini kufikia hapo duka lilikuwa limekuwa la rafiki yangu; baba alikuwa amezoea kuwaambia wateja wamuulize binti.

Miaka baadaye, nikifanya kazi ya ofisi mjini Embu, nilikwenda Meru kikazi nikakutana naye kando ya barabara. Alikuwa amenenepa, amebeba mtoto mgongoni, anasimamia vijana waliokuwa wanapakia magunia garini. Aliniuliza kama bado naogelea. Nikamwambia ndiyo, mara moja moja, na vizuri kiasi.

"Mimi sijaingia kwenye maji tangu wakati ule," akasema.

Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini dereva wa gari hilo alikuwa anamwita. Alinishika mkono kidogo, akageuka, akaenda kuhakikisha magunia yamefungwa.