Mwalimu Ngeli na Kisima Kikavu

Aliyewahi kuishi nyumba moja na mwalimu wa sarufi aliyestaafu hana haja ya kusimuliwa haya. Wengine tegeni masikio.

Mama wa kisa hiki alifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili. Siku ya kuagwa alirudisha funguo za kabati, daftari la mahudhurio na boksi la chaki, lakini kalamu nyekundu aliondoka nayo. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Ngeli, likamganda hadi sokoni, ambako muuza nyanya aliacha kuandika "nyanya mzuri" kwenye kibao chake baada ya kusahihishwa mbele ya wateja. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Ila kosa akiliona lazima aliguse, hata kama halimhusu ndewe wala sikio.

Mwaka jana ilitokea kampuni iliyotaka kuchimba kisima cha kutafuta gesi asilia, ikauza hisa kwa wananchi. Weee, wastaafu walivyochangamka! Watu ambao kwa miaka walikutana kuzungumzia magoti na shinikizo la damu sasa walizungumzia kina cha mwamba. Mwalimu alisoma kila gazeti, na humo akakutana na mhandisi aliyeeleza kwamba gesi iliyo bora sokoni huitwa gesi kavu, kwa kuwa haikuchanganyika na mafuta. Neno hilo lilimkaa. Akanunua hisa kidogo kwa akiba yake, na kwa kuwa jambo jema haliwezi kumtosha mtu wa namna yake akiwa peke yake, akamshawishi na Kengele.

Kengele alikuwa tarishi wa shule ileile, na jina alilipata kwa kazi yake ya kuigonga ile kengele asubuhi na jioni. Naye alikuwa amestaafu. Mafao yake hayakuwa mengi, lakini ndiyo yote aliyokuwa nayo duniani, na nyumba yake ilikuwa kuta tupu mwaka wa tano sasa. Mwalimu alimwambia, "Tia kwenye gesi. Mwakani utaezeka bila kumpigia mtu magoti." Kengele akajibu, "Wewe ndiye msomi." Baada ya wiki mbili hivi alimpigia simu kumwarifu kwamba fomu ya hisa ameshapeleka, akakata haraka.

Basi, asubuhi ya majibu ya kisima ikafika. Mume wa Mwalimu, fundi saa mwenye kibanda kando ya barabara, alimpigia kutoka kazini.

"Redio imetangaza," alisema. "Sikusikia vizuri, lakini watu wote hapa wanasema ni kavu."

"Kavu au kikavu?"

"Mke wangu, mimi nimeshika saa ya mtu hapa."

"Nijibu."

"Kavu. Wanasema kavu."

Mwalimu alikaa kitini kwa raha. Kisima ni ngeli ya ki-vi, alimweleza mumewe aliyekuwa hasikilizi. Kikikosa kitu kitaitwa kikavu. Kilicho kavu, bila ki, ni gesi. Kwa hiyo gesi imepatikana, tena ile safi. Palepale akampigia Kengele. "Usiuze hata hisa moja," alimwamuru, "hata wakikubembeleza." Kengele akasema, "Siuzi, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetaka simu iishe.

Gazeti la mchana lilimvua nguo. Lilikuwa limeandika kwa herufi nene na kwa sarufi isiyo na doa: kisima kimekutwa kikavu. Kumbe redio ilisema sawasawa, ila watu wa barabarani walikuwa wameiangusha ki njiani, kama wanavyoiangusha kila siku tangu yeye hajazaliwa. Na yeye, mtu wa kuokota vichwa vya maneno maisha yake yote, ndiye aliyeamini kwamba umma wa barabarani unazingatia ngeli.

Alimpigia wakala wa hisa. Kijana wa huko alimwambia kwa upole kwamba bei imeshuka chini ya nusu na bado inateremka.

"Kwa kisima kimoja tu?"

"Wawekezaji wamepoteza imani, mama."

"Mbona juzi walikuwa nayo?"

"Juzi kisima kilikuwa hakijafika chini."

Jioni wastaafu walipigiana simu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amewahi kuiamini ile gesi. Mmoja aliyeuza mbuzi wanne kununua hisa sasa alisema moyo wake ulikataa tangu mwanzo. Mwingine alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwalimu hakubishana na mtu. Hasara yake mwenyewe aliimeza. Ilikuwa akiba ya pazia na safari, na bila pazia watu huishi. Lililomkosesha chakula ni Kengele.

"Si ulimshauri kwa nia njema?" mumewe alimwambia.

"Nia njema haiezeki nyumba. Na leo asubuhi nimemkataza asiuze. Pengine angeokoa chochote."

Mumewe alikuwa na mzaha mmoja tayari kuhusu ngeli, lakini alipomwangalia usoni akaumeza pamoja na chai.

Kesho yake Mwalimu alijikaza kisabuni akaenda kwa Kengele. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Alipokata kona aliona nyumba ya Kengele inameta. Nusu ya paa ilikuwa imeshafunikwa mabati mapya, na juu yake Kengele mwenyewe alikuwa anagonga misumari. Masikini, Mwalimu alijisemea, ameshakopa mabati kwa kuitegemea gesi. Balaa imezaa balaa.

"Kengele, shuka."

"Mwalimu!" Alikuwa na misumari mdomoni, ikamlazimu kuitema. "Namalizia hapa."

Mwalimu aliona kwamba akimngoja ashuke, yeye mwenyewe atakimbia. Kwa hiyo aliyasema akiwa chini vilevile, kichwa kimeinuka, jua likimchoma macho. Alisema kisima ni kikavu, kwamba alikosea alipomwambia anunue, akakosea zaidi alipomwambia asiuze, kwamba alijifanya anajua biashara wakati anajua vitenzi tu, na kama ni lazima atauza cherehani yake ili mabati yale yalipwe. Kengele alishuka ngazi polepole, akasimama mbele yake, macho chini.

"Mwalimu, mabati haya sidaiwi. Ni mafao."

"Mafao si uliyapeleka kwenye hisa?"

"Sikupeleka. Nilikudanganya."

Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile fomu. Mwalimu aliikumbuka palepale: alikuwa ameletewa aikague kabla haijaenda kwa wakala. Penye chanzo cha fedha Kengele alikuwa ameandika "mafao wangu wa kazi", na yeye, bila hata kufikiri, alizungusha maduara mawili mekundu, akaandika pembeni: Ngeli! Rudia.

"Fomu yenye wino mwekundu hawaipokei," Kengele alisema. "Ilibidi nikachukue nyingine. Nikafika njiani nikakasirika. Miaka yote nimewagongea kengele, leo na uzee huu naambiwa rudia kama mtoto wa darasa la pili? Nikarudi nyumbani. Nikaona aibu kukwambia, nikasema nimepeleka. Tangu hapo nikikuona mbali navuka barabara. Unisamehe, Mwalimu. Nilikuchukia sana."

Mwalimu alikalia rundo la matofali. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, na katikati yake kicheko, na hakuvizuia kimoja wala kingine.

"Ulinichukia kwa muda gani?"

"Hadi mabati yalipofika."

"Afadhali, ndugu yangu," alisema akifuta uso kwa ncha ya kanga. "Afadhali mara mia."

Kengele alibaki amesimama, hajui mtu anayelia kwa nafuu anafarijiwaje. Mwishowe alimwachia kivuli cha ukuta, akaokota misumari yake, akapanda kumalizia upande wa pili. Mwalimu alikaa palepale hadi bati la mwisho likagongwa, akiisikiliza ile nyundo, na kila ilipogonga alishusha pumzi.