Tisa Tulizaliwa, Wanane Tukasoma

Wenzangu mliokulia Gitambi enzi zile mtakumbuka jinsi siku ilivyoanza na hatua za akina mama wakiteremka kwenda Bugarama. Kwetu juu palikuwa na ukungu na baridi ya kutetemesha meno, lakini kule chini kwenye mpunga, saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mama yetu, ambaye tulimwita Maman kama watoto wote wa upande wetu, aliteremka na jembe begani, mtoto mgongoni, na viazi vitamu vya jana ndani ya jani la mgomba. Jioni alipanda mlima uleule, tope limemkaukia mpaka magotini, halafu ndipo alipoanza kazi ya nyumbani.

Tulikuwa watoto tisa. Mkubwa alikuwa Fortunata, mimi nikafuata, halafu wengine saba ambao sitawataja kwa majina kwa sababu leo ni watu wenye heshima zao. Papa na Maman walikuwa wamekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wakarudi Gitambi babu alipofariki na kuacha kipande cha shamba. Kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha ng'ambo, na shuleni tukachekwa kwa Kinyarwanda chetu kilichopinda. Papa alituambia, "Bacheke tu, batoto. Hapa ni kwenu. Batachoka."

Na kweli walichoka. Baadaye tulicheza nao wote. Tuliteleza mteremkoni juu ya magogo ya migomba mpaka kaptula zikatoboka, na mpira wetu ulikuwa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba. Mvua ikiunyeshea ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kichwa alilala na kichwa kinachouma. Leo mwanangu wa mwisho simu ikimzimikia kwa saa moja, mtaa mzima unapata habari.

Tulilala watano kwenye mkeka mmoja na blanketi moja, na mwenye bahati alikuwa yule wa katikati. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, au maharage. Siku Papa alipopita mjini Kamembe akarudi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nyumba yote ilinukia mpaka kesho yake. Tukimaliza sahani na kuendelea kukaa, Maman alisema, "Muliomaliza kula, munawe. Kuangalia sufuria hakutaijaza." Mpunga Maman aliupandikiza mwaka mzima, ameinama, maji yakimfika kwenye vigimbi. Wali tuliula siku ya Noeli.

Mpunga ulipoanza kubeba punje, sisi watoto tuliteremka naye kufukuza ndege. Ilikuwa kazi ya kupiga kelele na debe bovu tangu alfajiri mpaka sauti ziishe. Fortunata alikuwa na sauti kuliko wote. Alisimama kwenye tuta, sketi ameikunja kiunoni, na akipiga yowe wingu zima la ndege liliondoka kwenda kusumbua shamba la jirani. Katikati ya mayowe alinifundisha hesabu. Alichora namba kwenye tope kwa kijiti, nami nikijibu vibaya alizifuta kwa kisigino na kuandika upya, bila kunisema.

Alikuwa amenizidi miaka mitatu, lakini tulisoma darasa moja. Alichelewa kuanza shule kwa sababu alitubeba mgongoni, mimi kwanza, halafu wale walionifuata. Nilipofika umri wa kwenda shule ndipo naye alipoachiliwa, tukaenda pamoja, tumeshikana mikono. Alikuwa wa kwanza muhula baada ya muhula. Mimi nilikuwa pale katikati, na kama si lile tope la Bugarama ningekuwa mkiani.

Papa alikuwa mbeba magunia kwenye mashine ya mpunga. Alirudi nywele nyeupe kwa vumbi la makapi, na wadogo walimcheka kwamba amekuwa mzee tangu asubuhi. Begani alikuwa na sugu kubwa, ngumu kama kisigino. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Akikaa tu kwenye kigoda, Maman alimletea maji ya kunawa, naye alifunga macho kidogo kabla ya kunyoosha mikono.

Mwaka tuliofanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mvua ilinyesha siku ya kupakia lori. Ubao wa kupandia ulikuwa umelowa. Papa aliteleza akiwa na gunia shingoni, akaanguka, nalo likamwangukia. Wanaume wanne walimleta nyumbani kwa machela. Walimpeleka hospitali, akarudi. Wakamteremsha kwenye mashuza, yale maji ya moto yanayotoka ardhini kule Bugarama, wakamlowesha mgongo wiki nzima. Alisimama tena, lakini tangu siku ile alitembea ameinama, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Ni katika wiki hizo majina ya waliofaulu kwenda sekondari yalisomwa, mbele ya kanisa, baada ya misa. Mwalimu mkuu alianza na Fortunata. Alikuwa wa kwanza, juu ya wavulana wote. Akasoma, akasoma, na mwishoni kabisa akalitaja jina langu. Maman alipiga vigelegele, akavua kitenge chake cha juu akakitandaza chini tupite. Fortunata alicheka mpaka akalia. Sijamwona tena akicheka hivyo.

Jioni hiyohiyo Papa alituita sisi wawili. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, Maman ameketi karibu na mlango akichambua maharage.

"Mimi siwezi kubeba tena," alisema Papa. "Maman yenu hawezi peke yake. Ataenda mumoja."

Tulisubiri. Nilijua, na ninyi mnaosoma mnajua, nani alistahili.

"Atakwenda mutoto mwanaume," alisema. "Fortunata, utamusaidia Maman. Wadogo bakikua, tutaona."

Nilimtazama Maman. Aliendelea kuchambua maharage. Fortunata alisema, "Ndiyo, Papa." Akachukua mtungi, akaenda kisimani, ingawa maji yalikuwamo. Mimi sikusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Maman alikuwa na kitambaa cha buluu alichokificha kwa ajili ya sketi ya Fortunata ya sekondari. Kilikatwa kaptula zangu mbili. Fortunata ndiye aliyezipiga pasi ya makaa, akazipanga kwenye sanduku la bati, na siku ya kuondoka alilibeba kichwani mpaka barabarani. Gari lilipokuja aliniambia, "Hesabu za sehemu usizikimbilie. Soma swali mara mbili."

Nililisoma swali mara mbili, nikafaulu. Baada yangu akaenda wa tatu, baada yake wa nne, mpaka wa tisa. Kila mwaka Papa alisema tutaona, na kila mwaka kulikuwa na mdogo mwingine wa kupeleka. Fortunata aliingia mpungani Januari na Julai, misimu yote miwili, bega kwa bega na Maman, na Papa akifanya alichoweza, akisuka mikeka na vikapu kwa mikono iliyozoea magunia. Wazazi wetu hawakupumzika siku moja. Niseme hilo wazi, kwa sababu ni kweli. Tuliumwa malaria wakatubeba, njaa ilikuja wakala mwisho au hawakula.

Alikuja kijana wa Nyakabuye, seremala mpole, kumchumbia Fortunata. Papa alimwambia asubiri wadogo wamalize. Akasubiri misimu miwili ya mpunga, halafu akaoa kwingine. Fortunata hakuolewa. Papa alipolala kitandani mwaka wake wa mwisho, yeye ndiye aliyemgeuza na kumwosha. Maman alipopoteza kumbukumbu, yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Sisi wanane tulipiga simu.

Maman alifariki msimu wa mvua uliopita. Siku ya kumaliza matanga tulijaa nyumbani na magari yetu, wake na waume zetu, watoto wetu wanaouliza choo kiko wapi na kurudi wameziba pua. Nikiwa mtoto wa kiume mkubwa, na mwalimu wa miaka mingi, nilipewa nafasi ya kusema. Nilisema vizuri. Nilieleza gunia la Papa na jembe la Maman, na watu wakafuta machozi. Mwishoni nikapaza sauti: "Hawakuwa na kitu, lakini watoto wao wote tisa waliwapeleka sekondari."

Watu walipiga makofi. Nikainua macho, nikamwona Fortunata amesimama nyuma ya hema, ameshika beseni la sahani chafu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama kwenye tuta nilipojibu vibaya. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa na muda wa kutosha kujisahihisha. Nikakirudisha kwa mshereheshaji, nikaketi.

Wageni walipopungua nilimfuata jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Fortunata," nikasema, "nilikosea pale."

"Nilisikia."

"Nisamehe."

"Mimi sina kinyongo na Papa," alisema, bila kuacha kusugua. "Papa alikuwa na mugongo umevunjika na batoto tisa. Angefanya nini? Na Maman alilia, wewe hukumuona. Alilia mpungani, mbele yangu, musimu muzima."

"Niambie nikufanyie nini. Chochote."

Ndipo akaacha sufuria. Aliiosha mikono polepole, akaifuta kwenye kitenge.

"Ungelisema ukweli palepale," akajibu. "Mbele ya bantu. Mimi sikutaka kingine."

Akatoka kwenda kuaga wageni. Wiki iliyofuata tuliandikiana kwenye simu, sisi wanane, kuhusu kumpa Fortunata nyumba ya wazee iwe yake. Tulikubaliana. Nilipompigia kumwambia alisema asante, akauliza kama watoto wamefika salama, akakata kwa sababu alikuwa shambani.

Sisi wa rika langu tukikutana tunapenda kusifu malezi yetu. Tunasema enzi zetu mtoto hakumjibu mzazi, akiambiwa aliitikia, na ndiyo maana tukawa watu. Tunawacheka hawa wa leo wenye mdomo. Binti yangu ana miaka kumi na miwili na hapitwi na jambo. Nikimnunulia kaka yake viatu kabla yake anasimama sebuleni, mikono kiunoni: "Papa, hiyo si haki." Mama yake anamwambia aache kiburi, na mimi zamani nilikuwa namwunga mkono.

Siku hizi simwungi mkono. Namwacha aseme mpaka amalize. Nafikiri kama angezaliwa kwetu, akakaa pale karibu na mkeka wa Papa, pengine naye angeishia kisimani. Lakini angalau mtu mmoja ndani ya nyumba ile angesema hiyo si haki. Sisi tulilelewa vizuri. Tulinyamaza, na tukaendelea kunyamaza mpaka mvi zikatuota.