Kijiko cha mama mudogo

Mimi ninauzisha matela, magodoro ya kulalia, kule Murara ndani ya Goma, na zamani tumbo yangu ndiyo ilikuwa piblisite ya kuita wateja. Mutu akiuliza kama matela iko nguvu, nilikuwa ninakaa juu yake. Ikinivumilia mimi, itavumilia bwana, bibi na watoto wote. Masomo niliachia katikati ya segondeli, lakini ile hesabu niliiweza.

Kisha magoti yakakataa kunibeba. Nikaambia bibi yangu naenda Kampala kutafuta mali. Kule wakanipasua, wakatoa kipande kikubwa cha tumbo ya ndani, ile yenye kupokea chakula, juu nishibe haraka. Sikuambia mutu. Ningesema je? Barabara ya Sake ilijaa watu wenye kukimbia vita, matela kichwani, zingine ni mimi niliziuzisha. Wao hawajakula, na mimi nimelipa juu nisikule.

Munganga wa kule alinipa vidonge. Alisema mutu akikonda mbio, mawe yanaweza kufanyika ndani ya kifuko cha nyongo. Mimi nikacheka. Mutu wa Goma anajenga juu ya mawe, anafunga lupango, uwanja wa nyumba yake, na mawe, utamuogopesha na mawe gani? Vidonge nikavificha depo ya matela, bibi asiniulize ni dawa ya nini. Vikakaa kule, sikuvimeza. Na usiku nikalala na shimizi, shati yangu ya muchana, juu bibi asione alama za kisu, nikisingizia baridi.

Kati ya wale wa Sake alikuja mama mudogo, mudogo wake na mama yangu, mwenye alinilea. Tukamupa chumba. Akaona ninakula vijiko viwili na kusukuma sahani. Akaambia majirani: mutoto wangu anajinyima juu yangu. Na mimi, muongo, nikainamisha kichwa kama mutakatifu wa kanisani. Basi akaanza kunipikia sufuria yangu ndogo, maharagi na mawese mengi, ananisimamia mpaka nimalize.

Siku moja nikiisha kula ile maharagi, maumivu yakanishika chini ya mbavu, upande wa kuume, yakapanda mpaka begani. Nikatapika, nikabiringika chini kama mupira. Majirani wakaingia. Kwetu tumbo ikishika mutu mbio hivi, jina ni moja: karuho, sumu ya kuwekewa ndani ya chakula. Bibi yangu akauliza nani alipika. Majirani wakageuka kuangalia mulango.

Mama mudogo alikuwa amesimama kwa mulango. Aliniangalia. Neno langu moja lingetosha, lakini kulisema ilikuwa ni kupandisha shimizi mbele ya watu wote. Nikafunga macho, nikaugua kwa nguvu kuliko maumivu yenyewe. Akafunga muzigo wake, akaenda kwa kambi ya wakimbizi ya Lac Vert.

Wakaninywesha majani ya kutapisha karuho. Nikatapika mpaka nikakumbuka dhambi za utoto. Maumivu yakabaki. Kesho yake, hospitali, munganga akapandisha shimizi yangu kwa eko, ile mashini ya kuangalia ndani ya tumbo, bibi akiwa pembeni.

"Papa, hizi alama ni za nini?"

Nikasema yote ya Kampala. Akatuonyesha mawe kwa ile televizio yake. Bibi alichukua mukoba wake, akatoka inje.

Walipoisha kutoa kile kifuko na mawe yake, na niliposimama, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Lac Vert. Mama mudogo alikuwa anaosha sufuria mbele ya kibanda cha shitingi ya plastiki. Nikapiga magoti, nikamueleza yote, nikamuonyesha tumbo. Akaiangalia sana.

"Ulilipa watu juu usisikie njaa?"

"Ndiyo, mama mudogo."

"Ungekuja kwetu Sake. Tungekupatia bure."

Wanawake wa vibanda vya karibu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nikacheka, na kidonda kikaniuma.

Alirudi nyumbani. Bibi yangu alimuomba musamaha na anapika tena. Lakini kila mara akiweka sahani yangu, anachota kwanza kijiko kimoja, anakula mbele yetu wote, anameza, halafu anakifuta na kunipa. Nilimuambia aache.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Nimeonja."

Ninakula vijiko vyangu viwili. Siku hizi sisukumi sahani.