Mnyororo Uliopima Kilimani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nibebe vigingi. Nilikuwa nimerudi kutoka Bombay na cheti cha upimaji wa ardhi, chenye muhuri mwekundu na sahihi mbili, nilichokisomea kwa jasho la kusugua sitaha za meli. Hakuna baba wala mjomba aliyenilipia hata somo moja. Bwana Mpimaji Msaidizi wa Mombasa alikitazama cheti changu, akakikunja kama karatasi ya kufungia karanga, akanirudishia. Akasema vigingi viko nyuma ya banda. Nikavibeba. Nalisema hili mapema ili kijana anayesoma asifikiri kwamba mlango nilifunguliwa. Niliusukuma.

Sikukaa na vigingi muda mrefu. Nilipewa mnyororo. Kwa wasioujua, mnyororo wa kupimia ni pingili mia za waya mnene wa chuma zilizounganishwa kwa vipete vidogo, na kila baada ya pingili kumi huning'inia kipande cha shaba chenye meno, ili mpimaji ajue amefika wapi bila kuanza upya. Hushikwa na watu wawili. Wa mbele huuvuta, na pale unapoishia huchomeka mshale wa chuma ardhini. Wa nyuma huishika ncha yake kwenye mshale uliotangulia, hulenga ufito wenye rangi nyeupe na nyekundu ulioko mbele, kisha huung'oa ule mshale na kusonga. Mnyororo ukilegea umeandika uongo, na ukiukaza mno pia umeandika uongo. Maisha yangu yote yamepita kati ya kulegea na kukaza, na magoti yangu yanalijua hilo kuliko kichwa changu.

Nilipima viwanja chini ya Bwana Mhandisi wa Bandari, mtu mpole aliyezungumza na darubini yake zaidi kuliko alivyozungumza nasi. Kisha nikapelekwa bara, wakati reli bado ilikuwa inatafuta njia yake, chini ya Bwana Mkuu wa Sehemu. Yeye, kila mvua ilipotushika, alisema mvua si udhuru, ni maji tu. Huko nilipata homa ambayo haijaniacha mpaka leo, na nikapata cheo cha Mpimaji wa Daraja la Pili. Hakuna mtu mwingine wa Mto Tana aliyekuwa na cheo hicho wakati ule. Kama yupo, ajitokeze, nitamnunulia kahawa.

Basi nikarudishwa kwetu. Bendera ya Sultani bado ilikuwa ikipandishwa Kipini, nami nikashuka pale na viatu, kofia na sanduku la dira, mimi niliyetoka kijijini kwetu Ngao miguu mitupu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mpimaji wa Wilaya, Mwingereza mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, tena mpenda mandhari. Alisikia kwamba juu ya Garsen, kabla ya kufika Wenje, kuna mji uitwao Kilimani kando ya mto, wenye ziwa nyuma yake na msitu wa nyani wa ajabu, akataka kuuona na kuuchora kwa safari moja.

Kazi yenyewe ilikuwa na uzito wake. Miaka ile watu wenye mitaji walikuwa wakitafuta ardhi ya pamba kando ya Tana. Ardhi iliyochorwa na nyumba ilikuwa na watu. Ardhi iliyoandikwa tupu ilikuwa ya serikali kuigawa kwa iliyempenda. Neno moja tu kwenye karatasi, tupu, nami nilikuwa nimeliandika mara nyingi huko bara bila kulifikiria.

Tulipanda mto kwa mtumbwi mkubwa wa mzee Komora, mtu wa Garsen, ambaye alisimama tezini, nyuma kabisa, na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na hakunyamaza tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi aliniita Karani, ingawa nilimweleza tofauti ya karani na mpimaji. Viatu vyangu vilimfurahisha sana. Kila maji yalipoingia chomboni aliniambia nivikinge, maana vikilewa vitaniacha. Bwana alikaa katikati akiuliza majina. Alionyeshwa mamba waliolala mchangani wamefumbua vinywa, viboko walioinua masikio tu juu ya maji, ndege waitwao keremkerem waliotoboa ukingo wa mto ukawa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Kila bonde la mpunga na kila shina la mgomba alipitisha macho juu yake bila kuuliza. Hakuona ajabu kwenye mgomba.

Sasa kuna desturi ya mto. Msafiri akikaribia mji hupaza sauti kwenye kona ya mwisho, aseme yeye nani na amemleta nani. Asiyepaza sauti huchukuliwa kuwa adui. Mzee Komora akaiheshimu desturi. Tulipofika kona ya mwisho aliweka mkono mdomoni, akaita kwa Kipokomo kwamba ni yeye Komora, amemleta mzungu, na mtu wa mnyororo.

Tulipotua hapakuwa na mtu.

Kilimani, niseme ukweli, si kilima cha kumtisha mtu wa bara. Ni mgongo wa udongo mwekundu ulioinuka kando ya maji, na mtu mwenye pumzi huupanda bila kusimama. Lakini Tana inapofurika, nchi yote huwa bahari, na mgongo ule hubaki mkavu. Watu wa vijiji vya chini huja na mitumbwi yao, mbuzi wao na mbegu zao za mpunga, wakakaa mpaka maji yaondoke. Kwa watu wetu kilima si kitu kirefu. Kilima ni kile kisichozama.

Juu palikuwa na nyumba za mviringo za nyasi, safi, milango wazi. Mchi ulikuwa ndani ya kinu na mpunga umetwangwa nusu. Chungu kilikuwa kikichemka chenyewe. Kuku walitutazama. Bwana alizunguka mara moja, akafurahi kwa ukimya ule. Alisimama kileleni na darubini akautazama mto ulivyojipinda, ng'ombe wa Waorma kama punje za mtama kwenye uwanda wa mbali, miti ya mikoma iliyogawanyika vichwa, na ziwa lililojaa ndege weupe waitwao mwari. Mchana wote alikwenda ziwani na msituni kuwatazama mbega wekundu, akarudi amechanwa na miiba, mwenye furaha kama mtoto. Ni mahali pazuri, alisema. Nilikubali. Nilikuwa nimekwisha ondoa chungu cha watu motoni kisiungue.

Jioni alifungua karatasi yake akaniamuru niandike, nikaandika kwa penseli: kilima, ardhi nzuri, tupu.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha Bombay ambacho hakikuwa na kasoro, kwamba mafiga yalikuwa ya moto tulipoingia.

"Ramani haina alama ya majivu ya moto," akasema. "Ina alama ya watu. Wako wapi?"

Nikamweleza kwamba wamekimbia neno mnyororo, lile alilolipaza Komora kwenye kona. Upande huu wa mto, mnyororo ulikuwa na maana moja tu, na wapo waliouvaa. Wazee walikuwa hawajasahau watekaji waliokuja kwa nchi kavu wakawapeleka watu pwani wamefungwa shingo kwa shingo. Yeye alisikiliza, kwa maana hakuwa mtu mbaya, kama nilivyosema. Akasema kesho adhuhuri tunashuka. Akiona mtu, ataandika mtu.

Alfajiri nikaingia msituni na mzee Komora. Yeye hakuwa na utani asubuhi ile. Alikuwa ameelewa alichokipaza kwenye kona, na alitembea akijilaumu kwa sauti ndogo. Nyuma ya kichaka cha mikindu tulisikia mtoto akizibwa mdomo. Tukasimama. Nikavua kofia, nikaita kwamba mimi ni mtu wa Ngao, nikataja ukoo wangu. Kisha akatoka mwanamke mzee peke yake, mwembamba, amejifunga kaniki. Komora alimwamkia kwa jina, Bibi Habuya. Shingoni alikuwa na kovu lililozunguka kama mkufu. Huyu alichukuliwa akiwa msichana, akafikishwa pwani, na baada ya miaka mingi akarudi kwa miguu yake. Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliorudi, ingawa mimi nilirudi na cheti.

"Mnyororo wako unafunga shingo au mguu?" akaniuliza.

"Haufungi mtu, bibi. Unapima ardhi."

"Ardhi imekosa nini?"

Chuoni hatukufundishwa jibu la swali hilo. Nilimweleza tu jambo lilivyo: kwamba mzungu yuko juu na karatasi, kwamba jua likifika utosini ataondoka, na wasipoonekana itaandikwa kuwa Kilimani hakuna watu, na watakuja wengine na pamba, na siku ya mafuriko mtoni hapatakuwa na pa kukimbilia.

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Hakuna watu? Na uji ule amepika nani?"

"Hilo nimemwambia, bibi."

"Wale walionichukua mimi pia walisema hawatufungi, wanatupanga tu njiani tusipotee." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia niliyoishika mkononi. "Nitakuja mimi. Hawa hawatoki. Na huo mnyororo, bwana wako ashike upande mmoja, mimi upande mmoja. Nikiona anavuta kwake, naachia."

Tulipanda watatu. Wengine wote walibaki mikinduni, na jua lilikuwa likipanda pamoja nasi. Bwana alikuwa amekwisha funga masanduku. Alimtazama yule bibi, akatazama nyuma yake, hakuona wa pili.

"Mtu mmoja si mji," akaniambia. Nikamfasiria bibi neno kwa neno. Mkalimani akianza kupunguza ukali wa maneno, kazi imemshinda.

"Mwulize," akasema Bibi Habuya, "yeye wangapi?"

Nikafasiri, neno kwa neno. Komora alitazama chini. Bwana Mpimaji wa Wilaya alijitazama mwenyewe, peke yake juu ya kilima cha watu na darubini shingoni, akatoa sauti ambayo nadhani ilikuwa kicheko. Akatandaza mnyororo. Akashika mpini wa mbele, jambo ambalo sikuwa nimemwona mzungu akilifanya tangu nianze kazi, maana wa mbele ndiye anayechafuka. Bibi akashika wa nyuma. Nilimwonyesha jinsi ya kuishika ncha kwenye mshale. Alipokigusa kile chuma, mkono wake mwingine ulikwenda shingoni penye kovu, nami nikageuka upande mwingine, nikajidai natazama dira.

Wakapima mara ya kwanza, kutoka ukingoni hadi kwenye nyumba ya bibi. Bwana aliinama, akapiga goti kwenye tope, akachomeka mshale. Wakapima mara ya pili. Bibi aliukaza sawasawa. Sijapata mshika nyuma mzuri kama yule. Mara ya tatu nikasikia majani yakivunjika. Walitoka mikinduni taratibu, kwanza wanaume wawili na mikuki, kisha wanawake, kisha watoto wengi kuliko nilivyodhani. Walisimama mbali wakimtazama mzungu akitambaa kwenye tope mwanzoni mwa mnyororo, na Bibi Habuya akimfuata nyuma akiwa wima. Mwanamke mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akafunua, akanung'unika kwamba nani amekitoa motoni.

Adhuhuri Bwana alichora nyumba, moja moja. Lile neno lilifutwa kwa kifutio mbele ya macho yangu. Pamba ilikuja kweli kando ya mto, upande wa chini na upande wa juu wa mji, ikafa kwa mafuriko na wadudu, na wenye nayo wakaondoka. Kilimani hapakuguswa.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilitumikia mabwana wengine, Bwana Mpimaji wa Mkoa, Bwana Msimamizi wa Ramani, wengine wapole na wengine la. Nilipanda hadi Daraja la Kwanza, na picha yangu na cheti changu vilitundikwa ofisini, jambo ninalolitaja kwa sababu ni kweli. Lakini si kila mkubwa alingoja adhuhuri. Nimefika kwenye vilima vingi ambako majivu yalikuwa bado ya moto, na nimeondoka jioni ileile, lile neno likiwa karatasini. Ukiniuliza nimechoshwa na nini, sitasema jua, wala homa, wala magoti.

Nilipostaafu sikurudi Ngao. Nilikuja hapa Kilimani nikaomba mahali pa kujenga. Bibi Habuya alikuwa amekwisha zikwa, lakini jambo alilolianzisha lilikuwa hai. Tangu siku ile hawakimbii tena mtumbwi unapopaza sauti kwenye kona, na wakienda wote mashambani ng'ambo, lazima mtu mzima mmoja abaki juu, aonekane. Walifanya kwa zamu. Waliponikubali waliniambia kwamba kwa kuwa mimi mzee, sina shamba, na ninajua lugha ya watu wa karatasi, zamu zote ziwe zangu.

Kwa hiyo vijana mnaoniuliza nafanya nini siku hizi na elimu yote ile, jibu ndilo hilo. Asubuhi wanashuka na majembe, wanavuka. Mimi natoa kiti, nakiweka mahali panapoonekana kutoka mtoni, nakaa.